Ndege Ikikosa Abiria, Mkataba wa Nani Hukatwa Kwanza?

Hakuna shirika la ndege linalouza tiketi ya kuja Kyuso, mji wetu wa kaunti ya Kitui. Anayetoka Nairobi hupanda matatu hadi Mwingi kwa barabara ya Garissa, hubadilisha gari, kisha huja kaskazini huku milima ya Mumoni ikimkaa mkono wa kushoto. Wazee wetu wengi hawajawahi kuingia ndani ya ndege, na vijana wetu wengi huipanda kwa mara ya kwanza siku wanapokwenda kutafuta kazi Doha au Riyadh. Hata hivyo Kyuso ni mdhamini wa ndege, sawa na Mutomo, Wote na kila mji mwingine wa nchi hii. Mwaka 2017 serikali iliweka dhamana ya dola milioni 750 kwa madeni ya Kenya Airways: dola milioni 525 kwa mkopo ulioungwa mkono na Exim, benki ya Marekani ya kukuza mauzo ya nje, na dola milioni 225 kwa benki za humu nchini. Kwa bei ya dola ya wakati ule hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 75. Mgao wa kaunti ya Kitui kutoka serikali kuu, ule unaolipa wauguzi, dawa, walimu wa chekechea na visima, ulikuwa takriban shilingi bilioni 10.4 katika mwaka wa fedha wa 2021/22. Tuliweka rehani kiasi kinachozidi mgao kama huo wa miaka saba wa Kitui nzima ili ndege ziendelee kuruka.

Sipingi dhamana yenyewe. Nchi inayouza maua, parachichi na maharagwe mabichi ng'ambo, na inayotegemea watalii, haiwezi kukaa bila ndege zake. Ninachopinga ni dhamana inayowalinda walio juu peke yao. Shirika la ndege likibanwa na hali, halikati palipo pakubwa, hukata panapokatika. Na panapokatika upesi ni kwa mshirika mdogo, kampuni ndogo ya huduma na kibarua wa uwanjani, ambao mikataba yao iliandikwa tangu mwanzo ili iweze kukatwa. Ikiwa fedha za umma ndizo zinazoliokoa shirika, basi umma una haki ya kusema hasara igawanywe vipi.

Ili kulielewa jambo hili, mtu aangalie kwanza pesa za shirika la ndege huenda wapi. Ndege nyingi si mali ya shirika. Zimekodiwa kwa miaka mingi kutoka kampuni za nje, na ada yake hulipwa kwa dola kila mwezi, abiria wawepo wasiwepo. Mafuta hula sehemu kubwa, mara nyingi robo hadi theluthi ya matumizi yote, nayo bei yake haipangwi Nairobi. Kuna matengenezo ya injini, bima, ada za viwanja na ada za kuongozwa angani. Kila moja kati ya hizo ina mwenyewe, na mwenyewe huyo ana mawakili na mkataba mnene. Ndege isipolipiwa ada yake, mwenye ndege anaweza kuizuia isiondoke uwanja wowote iliotua. Kwa hiyo meneja wa fedha anaposhika kalamu mwezi wa hali mbaya, hizo gharama kubwa huziruka. Hushuka chini, kwenye mishahara, vibarua, wasafishaji, wapishi wa chakula cha ndegeni, na mashirika madogo yanayomletea abiria kutoka miji ya mbali.

Mashirika hayo madogo huandikiana na makubwa kwa namna mbili kuu. Namna ya kwanza ni kugawana nauli. Abiria wa Mwanza anayekwenda Amsterdam kupitia Nairobi hukata tiketi moja, na kila shirika lililombeba hupata fungu lake. Abiria wakipungua, wote wawili hupungukiwa, lakini dogo, lisilo na akiba wala njia nyingi, huumia mapema zaidi. Namna ya pili imeshamiri Marekani: shirika kubwa hununua saa za kuruka. Dogo huleta ndege, marubani na wahudumu. Kubwa hupanga ratiba, huuza tiketi, hulipia mafuta na kuzipaka ndege hizo rangi zake. Mkataba huu huonekana salama kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa dogo hulipwa hata viti vikienda vitupu. Lakini hali ikichacha, kubwa halina haja ya kuuvunja. Hupunguza saa mpaka kile kiwango cha chini kilichoandikwa, hungoja tarehe ya mwisho, kisha huita mashirika mawili matatu yashindane kwa bei. Mara nyingi anayeshindwa ni yule mwenye wafanyakazi wa muda mrefu, kwa sababu mishahara yao imepanda kadiri miaka ilivyokwenda.

Janga la korona lilitoa mfano mchungu. Shirika la ExpressJet lilikuwa limeirushia United safari zake za miji midogo kwa miaka mingi. Katikati ya mwaka 2020 United ilikuwa na mashirika mawili yanayorusha aina moja ya ndege ndogo, kazi ikiwa haitoshi hata shirika moja. Ikachagua CommutAir. Tarehe 30 Septemba 2020 ExpressJet ikarusha safari zake za mwisho kwa niaba ya United. Miezi michache kabla, mashirika mengine madogo, Compass na Trans States, yalikuwa yamekwisha kufunga milango. Rangi za United na za American Airlines ziliendelea kuonekana angani. Majina ya waliozirusha ndege hizo yalipotea bila abiria wengi kujua kwamba yalikuwapo.

Abiria kutojua ni sehemu ya tatizo. Usiku wa 12 Februari 2009 ndege yenye rangi za shirika la Continental ilianguka karibu na Buffalo, katika jimbo la New York, ikaua watu 50. Aliyeirusha ni shirika la Colgan Air, kwa mkataba. Katika uchunguzi uliofuata, wachunguzi walitaja makosa ya rubani, na hapohapo Wamarekani wakasikia habari za uchovu na mishahara midogo ya marubani wa mashirika ya mikoani. Mwaka uliofuata bunge lao lilipitisha sheria iliyopandisha saa za uzoefu anazotakiwa kuwa nazo rubani wa ndege ya abiria, na iliyomtaka muuza tiketi amwambie mnunuzi waziwazi ni shirika gani hasa litakalomrusha. Gharama iliyokatwa juu ilikuwa imeshuka ngazi kwa ngazi mpaka chumba cha marubani.

Huku kwetu mfano wa kwanza ni wa zamani kuliko wengi wetu. East African Airways ilianzishwa mwaka 1946, makao yake Nairobi, ikawa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Ilikuwa na ndege kubwa za VC10 zilizokwenda Ulaya, na ndege ndogo za Fokker na Dakota zilizohudumia miji ya ndani. Safari za ndani, nyingi zikiwa za Tanzania yenye eneo pana na barabara chache, zilikuwa za hasara. Kenya ikalalamika kwamba inabeba hasara ya wengine. Wenzake wakalalamika kwamba faida na kazi zote ziko Nairobi. Pesa za tiketi zikaanza kuzuiwa kila nchi badala ya kupelekwa makao makuu, madeni yakarundikana, na mwanzoni mwa 1977 ndege zikakosa kuruka. Tarehe 22 Januari mwaka huo Kenya ikaanzisha Kenya Airways, na tarehe 4 Februari ikaanza safari kwa ndege za Boeing 707 za kukodi. Siku hizohizo Tanzania ilifunga mpaka.

Hadithi hiyo husimuliwa kama hadithi ya siasa, na siasa ilikuwamo kweli. Lakini ndani yake mlikuwa na swali la mkataba ambalo washirika watatu hawakuwahi kulijibu wakati wa neema: safari ya hasara inayohudumia watu wa pembezoni, nani ailipie? Walipolazimika kulijibu, kila mmoja alikuwa tayari ana deni na hasira. Mshirika ambaye hakusikilizana na mwenzake mapema juu ya hasara hawezi kusikilizana naye siku hasara imeshaingia nyumbani.

Kenya Airways ilipobinafsishwa, ilichagua mshirika wa mbali. Mwanzoni mwa 1996 KLM ya Uholanzi ilichukua asilimia 26 ya hisa kwa dola milioni 26, na mwaka huohuo Wakenya zaidi ya 100,000 wakanunua hisa. Nawajua walimu wastaafu huku Mwingi Kaskazini ambao bado wamehifadhi vyeti vyao vya hisa hizo. Ushirika na KLM ulisifiwa kwa miaka mingi, kisha ukalaumiwa. Mwaka 2015 kamati ya Seneti iliyoongozwa na Profesa Anyang' Nyong'o ilichunguza shirika hilo na kuhoji kama mkataba huo uliifaa Kenya kama ulivyowafaa Waholanzi. Sitaki kukaa hapo. Ninachotaka kionekane ni namna ulivyokwisha: ulimalizwa Septemba 2021, kwa makubaliano, kwa tarehe iliyotangazwa, na mashirika hayo yakaendelea kuuziana viti. Wakubwa huachana hivyo. Hukaa mezani, wakili kwa wakili.

Kwa upande wa kanda, Kenya Airways ilinunua asilimia 49 ya Precision Air ya Tanzania mwaka 2003 kwa dola milioni 2. Mantiki ilikuwa nzuri kwa pande zote mbili: ndege ndogo za ATR zikusanye abiria wa Mwanza, Kilimanjaro na Zanzibar, na Nairobi iwapeleke duniani. Mwaka 2011 Precision iliuza hisa kwa umma katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na sehemu ya Kenya Airways ikashuka hadi asilimia 41.23. Kisha yule mkubwa mwenyewe akaingia kwenye hasara isiyo na mfano: shilingi za Kenya bilioni 25.7 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015, na bilioni 26.2 mwaka uliofuata. Mshirika mdogo anayemtegemea mkubwa kwa abiria na kwa mtaji hujikuta amefungwa kwenye kamba moja na mtu anayezama.

Mashirika madogo yasiyo na mshirika mkubwa hayakuwa na nafuu. Jetlink, iliyokuwa ikirusha Mombasa, Kisumu, Eldoret na Juba, ilisimamisha safari Novemba 2012. Ilisema takriban dola milioni 2 za mauzo yake zilikuwa zimekwama katika benki za Sudan Kusini, haziwezi kutolewa. Kwa shirika kubwa fedha hizo ni ada ya ndege chache kwa mwezi. Kwa Jetlink zilikuwa uhai. Na mwaka 2020, Kenya na Tanzania zilipozozana juu ya masharti ya korona, Tanzania iliizuia Kenya Airways kuanzia Agosti 1, na kabla ya mwezi huo kwisha ikayaongeza AirKenya, Fly540 na Safarilink katika orodha. Marufuku iliondolewa katikati ya Septemba. Ugomvi ulikuwa wa serikali mbili, na mashirika matatu madogo, ambayo msimu wa Agosti wa watalii ndio huyalisha, yalikosa kipande cha msimu huo.

Sasa nije kwa watu, kwa kuwa hapo ndipo jambo hili linapoigusa Kyuso kwa mkono.

Mwaka 2012 Kenya Airways ilikuwa na mpango mkubwa wa kukua ulioitwa Mawingu: ndege zaidi ya 100 ifikapo 2021. Iliomba wanahisa shilingi bilioni 20.7, ikapata bilioni 14.5. Ndege mpya zilikuwa zimeshaagizwa, na agizo halifutiki kirahisi. Mwaka huohuo wafanyakazi 599 waliondolewa, baadhi yao kwa kujitolea. Chama chao kilikwenda mahakamani kikidai kwamba kazi hazikwisha. Zilihamishiwa kampuni za kukodisha wafanyakazi, zenye malipo ya chini. Desemba 2012 Mahakama ya Kazi iliamuru wafanyakazi 447 warudishwe. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi wa kuwarudisha. Kati ya tarehe hizo mbili mna familia zilizokuwa zikisubiri, hazijui kama baba ana kazi au hana.

Mtu akiuangalia mpangilio wa matukio hayo ataona ninachosema. Watu waliondolewa 2012. Ndege kubwa mpya zilizokuwa nyingi kupita abiria hazikukodishwa kwa wengine mpaka 2016, hasara ilipokuwa imekwisha kuwa ya kutisha. Hapo ndipo Boeing 777 tatu zilipokodishwa kwa Turkish Airlines na 787 mbili kwa Oman Air, na nafasi ya kutua Heathrow ikauzwa kwa Oman Air kwa dola milioni 75. Dawa iliyokuwa na nguvu ilikuja miaka minne baada ya ile ya kuwakata watu, na sababu ni kwamba barua ya kumwachisha mtu kazi huandikwa kwa siku moja, ilhali mkataba wa kukodi ndege huchukua miezi ya kubembelezana.

Sheria yetu ya Ajira ya 2007 si mbaya. Kifungu cha 40 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya mwezi mmoja au zaidi, azingatie muda na ustadi wa mtu kazini, na alipe fidia ya angalau siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Lakini kifungu hicho kinamlinda mwenye kazi. Hakimfikii vizuri mtu aliyeandikiwa mkataba wa miezi mitatu mitatu.

Mpwa wangu alikuwa mmoja wao. Kwa miaka kadhaa alipakia mizigo ya mashirika mbalimbali katika uwanja wa Jomo Kenyatta, akiwa ameajiriwa na kampuni moja ya kukodisha vibarua. Alivaa koti la rangi ya kung'aa lenye jina la kampuni nyingine, akasimamiwa na msimamizi wa kampuni ya tatu. Alipanga chumba kimoja katika mtaa wa Pipeline, Nairobi, na kila mwezi alimtumia mama yake pesa za maji na za shule ya mdogo wake. Machi 2020 safari za kimataifa zilipofungwa, mkataba wake ulikuwa umebakiza siku chache. Haukuandikwa mwingine. Nilipomuuliza kama alilipwa chochote cha kuachishwa, alinijibu kwa upole ulioniumiza: "Mjomba, mimi sikufutwa. Muda wangu uliisha." Alirudi Kyuso akalima ndengu na kuchunga mbuzi za mamake. Ndege ziliporudi angani, nafasi yake alikuwa nayo kijana mwingine, kwa malipo ya chini zaidi.

Wakulima wa huku watauelewa mkataba huo bila kufafanuliwa. Dalali wa ndengu huja wakati wa kupanda, huahidi bei nzuri, hugawa hata mbegu. Bei ikipanda Mwingi, hukukumbusha mlivyoahidiana. Bei ikianguka, simu yake haishikiki, na gunia linabaki kwako likiliwa na fukusi. Ahadi ilikuwa ya wawili. Hasara huwa ya mmoja.

Linganisha mpwa wangu na marubani. Mwaka 2020 nao walikatwa mishahara, na sehemu nyingine ikaahirishwa. Novemba 2022 waligoma kwa siku kadhaa wakidai, pamoja na mengine, mishahara hiyo iliyozuiwa na michango ya akiba yao ya uzeeni. Maelfu ya abiria walikwama, na taifa zima likajua madai yao. Siwalaumu marubani hata kidogo, walidai walichoahidiwa. Lakini wao wakiweka kofia chini ndege haipai. Mpakiaji wa kandarasi akigoma leo, kesho asubuhi yupo mwingine getini. Kwa hiyo hasara huteleza kutoka kwa mwenye chama hadi kwa asiye nacho, kama sheria haikuweka kizuizi.

Nimewasikia wanaosema kwamba shirika lisipokata upesi litakufa, na likifa hakuna atakayebaki na kazi, mkubwa wala mdogo. Hoja hiyo ni ya kweli, na East African Airways ni ushahidi wake. Faida ya biashara hii ni nyembamba hata miaka mizuri. Kenya Airways ilipata hasara ya shilingi bilioni 38.3 mwaka 2022. Mwaka 2024 ilipata faida ya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Kisha nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi kwenye hasara ya zaidi ya bilioni 12, kwa kuwa ndege tatu kati ya tisa za 787 zilikuwa zimekaa chini zikingoja matengenezo na vipuri visivyopatikana. Meneja anayekabili hesabu kama hizo hana starehe, nami namheshimu anayekesha akizipigania.

Ila mwaka 2020 ulituonyesha kwamba kugawana hasara kunawezekana pale wenye nguvu wanapotaka. Mkurugenzi mkuu wa wakati huo, Allan Kilavuka, alikubali kukatwa asilimia 80 ya mshahara. Kenya Airways ilijadiliana na kampuni zilizoikodisha ndege ili ilipie kulingana na saa zilizorushwa, badala ya ada ya mwezi mzima. Kampuni tajiri za nje, zenye mikataba isiyopindika, zilipindika zilipoombwa. Kama mwenye Boeing anaweza kusema "nilipe kwa saa unazoruka mpaka hali itengemae," mbona kampuni ya usafi yenye wafanyakazi arobaini haikai kwenye meza hiyohiyo? Haikai kwa sababu hakuna aliyeiita, wala sheria iliyomlazimu mtu kuiita.

Marekani, ambako soko huachiwa mambo mengi, waliita. Sheria ya uokoaji ya Machi 2020 ilitenga dola bilioni 25 kulipia mishahara ya mashirika ya abiria, bilioni 4 kwa mashirika ya mizigo, na bilioni 3 zikatengwa kwa makandarasi wao: wapishi wa chakula cha ndege, wapakiaji, wasafishaji. Aliyezipokea alikatazwa kufuta watu kwa lazima hadi 30 Septemba 2020, akawekewa mpaka wa malipo ya wakubwa, akazuiwa kununua tena hisa zake mwenyewe, na mashirika ya abiria yangeweza kutakiwa kuendelea kuhudumia miji yaliyokuwa yakiihudumia kabla ya janga. Haikuwa kamilifu. Compass na Trans States hazikuokoka, na siku ya mwisho ya sharti ndiyo siku ileile ExpressJet ilipomaliza kuirushia United. Tarehe hiyo inanifundisha kwamba sharti lilifanya kazi kwa muda lilipokuwapo. Lilipokwisha, mashirika makubwa kadhaa yakarudi kukata panapokatika.

Sisi tulitoa dhamana mwaka 2017, na katika marekebisho ya mwaka huo benki za Kenya ziligeuza madeni yao kuwa hisa: serikali ikawa na asilimia 48.9, kampuni ya benki hizo asilimia 38.1, KLM ikabaki na 7.8. Wale wanahisa wadogo wa 1996 walibaki na sehemu isiyo na uzito. Kuanzia Julai 2020 hadi Januari 2025 hisa hizo hazikuuzwa wala kununuliwa katika Soko la Hisa la Nairobi, kwa hiyo mwalimu mstaafu aliyetaka kuuza zake apate pesa za matibabu hakuweza. Shirika liliposhindwa kulipa mkopo ule uliodhaminiwa, Hazina ya Taifa ikaanza kuulipa. Pesa hizo hutoka kwenye kodi, na kodi hutoka kila mahali: Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani, VAT, kwa kila lita ya petroli anayotia mwendesha bodaboda wa Kyuso ilipandishwa hadi asilimia 16. Yeye analipa. Lakini mkataba wa dhamana haukuwa na mstari wa kumlinda binamu yake aliye kwenye lango la mizigo.

Kuuandika mstari huo hakuhitaji sheria ya ajabu. Katiba, kifungu cha 213, inaitaka serikali kuu ichapishe ripoti ya dhamana ilizotoa ndani ya miezi miwili baada ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kabla ya Agosti kumalizika. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka dhamana ipitie bungeni. Wabunge wetu wa Kitui na Makueni wakati huo wana kalamu mkononi. Wanaweza kukataa kuinua mkono mpaka mkataba useme kwamba shirika linalookolewa litawalipa makandarasi wake wadogo madeni ya nyuma kabla ya marupurupu ya wakurugenzi. Kwamba mshirika mdogo hawezi kupunguziwa kazi bila notisi ya miezi mitatu. Kwamba asilimia anayokatwa mdogo isizidi ile anayokatwa mwenye ndege. Na kwamba mtu aliyefanya kazi ileile, getini palepale, kwa mikataba mifupi iliyofuatana miaka na miaka, ahesabiwe miaka hiyo yote siku ya kuondolewa, jina lolote liwe kwenye koti lake. Hili la mwisho ndilo ninaloliwekea uzito kuliko mengine, maana bila hilo kampuni ya katikati itaendelea kutumika kama ua wa kukizuia kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira.

Serikali imekuwa ikitafuta mwekezaji mkubwa wa kuingiza mtaji katika Kenya Airways. Huyo ataleta mawakili, na kila kifungu atakachokitaka kitaandikwa. Ataomba mahakikisho juu ya madeni ya zamani, juu ya njia za safari, juu ya kodi, na atayapata mengi, kwa kuwa anahitajika. Wabunge wetu wakae kwenye mazungumzo hayo wakiwa na vifungu vyao vimeshaandikwa, wakijua majina ya kampuni ndogo zinazodai, kiasi zinachodai, na tangu lini. Mkataba huo ukishatiwa saini bila wao, hautafunguliwa tena mpaka hasara nyingine ije, na siku hiyo watakaokatwa watakuwa tayari wamekwisha kuchaguliwa.